Mahakama ya Australia haigawi hifadhi: familia zetu ziambiwe mapema

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie makala mliyoichapisha kuhusu vijana wa visiwani walioomba viza ya hifadhi nchini Australia na kukataliwa. Mwandishi wa makala ile aliwafariji wazazi kwa kuwaambia kwamba shauri bado halijesha, kwa kuwa sasa limefika mahakamani na jaji ndiye atakayeamua iwapo kijana ni mkimbizi wa kweli. Naamini aliandika kwa nia njema. Hata hivyo, jaji wa Australia haamui jambo hilo, wala sheria haikumpa mamlaka ya kuliamua, na familia inayolisubiri kwake inasubiri kitu ambacho hakitatoka kwake.

Naandika nikiwa mkaazi wa Pemba ambaye kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutafsiri kwa Kiingereza vyeti vya kuzaliwa, hati za viapo, barua za masheha na taarifa za hospitali ambazo jamaa huzipeleka kwa watu wao walioko ng'ambo. Mara nyingi nyaraka nzuri, zinazoeleza jambo la kweli na kulieleza vizuri, huletwa kwangu wakati ambao haziwezi tena kumsaidia mwenyewe, na aliyezileta huwa hana habari kwamba wakati huo umepita. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika barua hii.

Maombi ya hifadhi nchini humo huanzia kwa ofisa wa wizara inayoshughulikia uhamiaji, ambaye hufuata Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1958 pamoja na marekebisho yake mengi. Ofisa huyo hujiuliza kama mwombaji ana hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kuwamo kwake katika kundi fulani la jamii, au maoni yake ya kisiasa, ambazo ndizo sababu tano zilizotajwa katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Na akiona hakuna hata moja, hujiuliza tena kama mtu huyo akirudishwa kwao atakabiliwa na hatari ya kweli ya kuuawa, kuteswa au kutendewa unyama. Ofisa akikataa, mwombaji ana siku 28 tangu kuarifiwa kulipeleka shauri lake katika Baraza la Mapitio ya Maamuzi ya Kiutawala, chombo kilichoanza kazi tarehe 14 Oktoba 2024 mahali pa Baraza la Rufaa za Kiutawala lililokuwapo kabla yake. Walioko kizuizini wana siku pungufu ya hizo. Baraza hilo haliwezi kuongeza muda huo kwa maombi ya aina hii, lakini shauri likifika kwa wakati lina uwezo wa kulisikiliza lote upya, kumhoji mwombaji, kupokea nyaraka mpya, kumwamini mtu ambaye ofisa hakumwamini, na kuubadilisha uamuzi wenyewe. Hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo swali la hofu yake huulizwa na kujibiwa.

Baada ya hapo ndipo inapokuja mahakama. Siku za kufungua shauri ni 35, na zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi wa baraza, wala si tangu siku barua ilipomfikia mtu mkononi. Jaji anaweza kuongeza muda akiona kwamba haki inadai hivyo, ila lazima aombwe kwa maandishi na aelezwe sababu. Shauri likishapokelewa, swali lililoko mbele yake ni moja tu, nalo ni kama baraza lilifanya kazi yake kwa mujibu wa sheria. Msomaji wa Pemba atanielewa nikisema kwamba jaji huyo yuko katika nafasi ya mkaguzi wa mizani kwenye kituo cha kununulia karafuu. Hanunui karafuu, hapangi daraja lake, wala hatamki gunia lina kilo ngapi. Anaangalia kama mizani iko sawa na kama aliyepima alifuata kanuni. Akikuta kasoro huamuru zipimwe upya, na inawezekana kabisa kipimo cha pili kikatoka vilevile kama cha kwanza.

Kwa sababu hiyo, hata anayeshinda mahakamani hatoki na viza. Uamuzi wa baraza hutenguliwa, shauri hurudishwa barazani lisikilizwe tena, na mwombaji hukaa kitini kuulizwa maswali yaleyale. Wako waliopata hifadhi kwa njia hiyo na wako waliokataliwa mara ya pili kwa sababu zilizoandikwa kwa uangalifu zaidi. Familia ina kila haki ya kumshukuru Mungu kwa ushindi huo, ila ijue kwamba kilichopatikana ni nafasi ya pili ya kusikilizwa.

Makosa ambayo mahakama huyatafuta yana jina zito katika vitabu vya sheria, lakini maana yake ni kwamba chombo kilichoamua kilitoka nje ya mamlaka kiliyopewa. Huenda kiliacha bila jibu sehemu muhimu ya madai ya mtu, kilijiuliza swali ambalo sheria haikulitaka, kilionesha upendeleo, au kilifikia hitimisho ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelifikia kwa ushahidi uliokuwapo. Tena si kila kosa linatosha. Ni lazima kosa liwe la uzito ambao, lisingetokea, uamuzi ungeweza kuwa tofauti. Kukosewa tarehe ya mkutano wa hadhara, kwa mfano, au kuandikwa Wete mahali pa Chake Chake, peke yake hakutengui uamuzi.

Shauri moja linastahili kuelezwa kwa urefu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa na haina Mahakama ya Rufani juu yake kama ilivyo kwetu, ilitoa hukumu katika shauri linalojulikana kwa herufi SZBEL. Mahakama za huko hazichapishi majina ya waomba hifadhi, na huwatambulisha kwa herufi na tarakimu ili wasidhurike wao au jamaa zao waliobaki nyumbani. Mwombaji huyo alikuwa baharia kutoka Iran. Ofisa wa wizara alikuwa amemkataa kwa sababu zake. Baraza likamkataa kwa kutoamini sehemu nyengine za maelezo yake, sehemu ambazo ofisa hakuzitilia shaka hata kidogo, na siku ya kusikilizwa hakuna aliyemwambia baharia yule kwamba hapo ndipo penye mashaka. Majaji walisema hakutendewa haki, kwa kuwa mtu hawezi kulijibu jambo ambalo hajui kwamba linabishaniwa. Hawakusema kwamba alikuwa mkweli. Hawakusema kwamba ni mkimbizi. Walisema kwamba hakusikilizwa kama sheria inavyotaka, na hilo pekee lilitosha kuutengua uamuzi. Sisi tuliolelewa katika mafunzo ya Kiislamu hatuwezi kuliona hilo kuwa jambo geni, kwani Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali kwenda Yemen kuhukumu, alimuusia asitoe hukumu kwa maneno ya wa kwanza mpaka amsikilize na wa pili.

Njia hii yenyewe ilikaribia kufungwa. Mwaka 2001 bunge la Australia lilipitisha kifungu kilichosema kwamba maamuzi ya uhamiaji ni ya mwisho na hayawezi kuhojiwa katika mahakama yoyote. Februari 2003, katika shauri linaloitwa Plaintiff S157, Mahakama Kuu yao ikasema kwamba kifungu hicho hakiwezi kuulinda uamuzi uliotolewa nje ya mamlaka, kwa kuwa Katiba yao imeipa mahakama hiyo kazi ya kuwazuia maofisa wa serikali wasivuke sheria, na bunge haliwezi kuiondoa kazi hiyo kwa sheria ya kawaida. Nalitaja hili kwa sababu wako wasomaji wenzangu wanaodai kwamba mapitio ya mahakama ni kupoteza muda wa watu, ikiwa jaji hawezi kutoa viza. Sikubaliani nao hata kidogo. Ofisa anayejua kwamba sababu zake zitasomwa na jaji huandika sababu, na hujitahidi kujibu alichoambiwa. Ofisa asiyekaguliwa na mtu anaweza kumrudisha binadamu kwenye hatari kwa sentensi mbili. Katiba yetu ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika Ibara ya 13(6)(a), inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu haki zake zinapoamuliwa, na sioni kwa nini tuthamini jambo hilo likiwa letu na tulidharau likiwa la mtoto wetu aliye ugenini.

Mwaka huo huo wa 2001, baada ya mauaji ya Januari yaliyofuatia uchaguzi wa Oktoba 2000, watu wapatao 2,000 walivuka bahari kutoka Pemba hadi Shimoni nchini Kenya, na baadhi yao wakapelekwa katika kambi za Dadaab. Nchi iliyosifika kwa kupokea wakimbizi, ambayo Mwalimu Nyerere alitunukiwa Medali ya Nansen mwaka 1983, ikawa imetoa wakimbizi wake yenyewe. Anayeandika katika magazeti kwamba Mzanzibari hawezi kuwa mkimbizi, na kwamba wote waliokwenda Australia ni waongo wanaotafuta maisha, anawatukana watu ambao majirani zao bado wanawakumbuka. Naye anayedhani kwamba kutaja mwaka 2001 kunatosha kupewa viza leo anakosea vilevile, kwa sababu vyombo vya Australia hutazama kitakachomkuta mtu akirudi sasa na siku za mbele, na yaliyopita huchukuliwa kuwa ushahidi wa hayo. Kwa upande wa kiwango cha hatari, sheria yao haikuweka kizuizi cha juu: katika shauri la Chan la mwaka 1989 jaji mmoja wa Mahakama Kuu alieleza kwamba hata uwezekano wa asilimia 10 unaweza kuifanya hofu ya mtu kuwa na msingi.

Sasa nije kwenye jambo linalozihusu nyumba zetu moja kwa moja. Kwa kuwa jaji haupimi ushahidi upya, barua inayotoka Pemba baada ya baraza kuamua haina pa kuwekwa. Haidhuru kama ni ya kweli, imepigwa muhuri na imetafsiriwa kwa kiapo. Baraza haliwezi kulaumiwa kwa kutosoma kitu ambacho halikuletewa. Zaidi ya hayo, sheria ya huko inalitaka baraza limhesabie vibaya mwombaji anayeleta dai jipya au ushahidi mpya ambao angeweza kuuleta mapema kwa ofisa, isipokuwa awe na maelezo ya kuridhisha ya kuchelewa kwake. Maana yake ni kwamba kazi kubwa iko mwanzoni kabisa, katika maelezo ya kwanza, wakati ambao kijana amefika juzi, ana hofu, anaona haya kusema aliyotendewa kituo cha polisi, na pengine anaogopa kwamba akimtaja ndugu yake kwa jina atamponza. Mama aliyebaki Micheweni ambaye anakumbuka siku na saa ya tukio, na bado anayo karatasi ya hospitali ndani ya sanduku, aulizwe wakati huo, asingojee hadi shauri lifike mahakamani.

Yako pia mambo ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua asipoambiwa, na hapa ndipo ninapoona vijana wetu wakipoteza zaidi. La kwanza ni barua ya sheha. Ofisa aliyeko Melbourne anaweza kuona ni jambo jepesi kwa mtu kupata barua ya kiongozi wa shehia yake, kwa kuwa hajui kwamba sheha huteuliwa na serikali, wala hajui malalamiko ya miaka mingi ya wapinzani kuhusu watu kunyimwa barua za ukaazi wakati wa kuandikisha wapigakura. Kumtaka kijana aliyekimbia kwa sababu za siasa alete barua ya sheha kuthibitisha kwamba alisumbuliwa kwa ajili ya siasa ni kumtaka aombe ushahidi kwa mtu anayemwogopa. Hilo likielezwa barazani kwa maandishi, na baraza likalipita bila kulijibu, basi ipo hoja ya kupeleka mahakamani. Lisipoelezwa, jaji hana la kulaumu.

La pili ni suala la kuhama. Sheria ya Australia inataka hatari iwe katika maeneo yote ya nchi anayotoka mtu, na nchi hiyo kwao ni Tanzania nzima, kwa hiyo Mpemba ataulizwa kwa nini asiende kuishi Dar es Salaam, Tanga au Mwanza. Swali hilo huwashitua wengi, kwa sababu walijiandaa kuzungumzia Pemba tu. Jibu lake ni la kila mtu peke yake: yuko anayetafutwa na chombo cha Muungano kinachofika kila mkoa, na yuko ambaye ugomvi wake ni wa kijijini na kwa kweli angeweza kuishi bara kwa usalama. Mwenye jibu alitoe mapema na kwa ukamilifu.

Jengine ni mkalimani. Mtu aliyezaliwa Makangale au Kojani, anayezungumza lafudhi ya kwao hasa pale anapotaharuki, anaweza kupewa mkalimani aliyekulia Nairobi au Lubumbashi, wakasikilizana nusu. Aseme hapohapo kwamba hawasikilizani. Vikao vya baraza hurekodiwa, na mahakama ya shirikisho ya huko ilikwisha kukubali, katika shauri la Perera la mwaka 1999, kwamba tafsiri mbovu inaweza kumnyima mtu nafasi yake ya kusikilizwa. Lakini aliyekaa kimya hadi mwisho, akaitikia kila alichoulizwa, atapata taabu kubwa kumshawishi jaji baadaye.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Wapo watu, wengine ni wenzetu wa hukuhuku, wanaowatoza waomba hifadhi kwa kuwaandikia maelezo ya jumla yanayofanana neno kwa neno kati ya mtu na mtu, kisha wanapokataliwa huwaambia wasiwe na wasiwasi kwa kuwa mahakama italitazama jambo upya. Sheria ya Australia hairuhusu mtu yeyote tu kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo. Anatakiwa awe wakala aliyesajiliwa au wakili. Anayeshindwa mahakamani kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za upande wa serikali, na kwa kuwa aliyekwisha kukataliwa hawezi kuwasilisha maombi mengine ya hifadhi akiwa ndani ya nchi hiyo bila ruhusa ya waziri, maelezo yale ya kunakili yanaweza kuwa ndiyo nafasi yake pekee aliyoipoteza. Shauri linaweza kuchukua miaka, na miaka hiyo mtu huiishi kwa viza ya muda, hana uhakika wa kesho, na mara nyingi yuko mbali na mke na watoto. Nimeelezwa habari za shamba la mikarafuu lililouzwa ili kugharimia shauri la namna hiyo. Sisemi kwamba lisingeuzwa. Nasema wenye shamba walistahili kujua wananunua nini. Walioko Canada nao wasijifariji, kwani huko muda wa kuomba mapitio kwa aliyemo nchini ni siku 15 tu, na kwanza ni lazima jaji atoe ruhusa ya shauri kusikilizwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. Kwanza, naomba gazeti lako liirudie mada hii na kuzieleza hatua zake kama zilivyo, pamoja na siku zake, kwa sababu gazeti linasomwa hadi vijijini na mzazi huliamini kuliko simu ya mtu asiyemjua. Pili, naviomba Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Chama cha Wanasheria Zanzibar viwasaidie jamaa kuandika viapo vinavyoeleza walichokiona wao wenyewe kwa macho yao, na kutenganisha hicho na walichosimuliwa, kwani kiapo kilichochanganya mambo hayo mawili ndicho huwapa maofisa sababu ya kukataa kukiamini chote. Masheha walio waadilifu, nao wapo wengi, wakubali kuandika wanachokijua bila kumuuliza mtu amepigia kura chama gani.

Na kwa mzazi ambaye wakati huu ana nakala ya barua ya baraza nyumbani kwake: atazame tarehe ya uamuzi, ahesabu siku 35 kuanzia hapo, amwambie kijana atafute wakili wa kuzisoma sababu zilizoandikwa kabla ya kulipia chochote mahakamani, na amuulize wakili huyo swali hili, ni kosa gani la sheria alilifanya aliyeamua. Wakili akijibu kwa kueleza tu jinsi kijana alivyoteswa, hilo si jibu la swali lililoulizwa, na ni bora kutafuta mwengine siku zikiwa bado zipo.

Wako msomaji,
Mfasiri wa nyaraka, Wete, Pemba